Uliza Mwalimu: Papa akioza, meno hubaki

Toleo lililopita niligusia papa wa kale kwa aya mbili tu, na simu yangu haijapumzika tangu hapo. Nimechagua maswali matano. Waliotuma picha za mawe wakiuliza kama ni mayai ya dinosaria, wanisamehe: ni mawe.

Mwalimu, shikamoo. Unasema papa wa zamani tunawajua kwa meno tu. Mbona kuna picha za makumbusho zenye taya zima, watu wamekaa ndani yake? — Msomaji, Kisauni, Mombasa

Marahaba. Nilipokuwa darasa la sita hapa Tanga, mjomba wangu, mtega jarife, alinipa kichwa cha papa kikubwa kama sufuria ya pilau ya hitima. Nilikuwa nataka taya la kutundika ukutani. Wenzangu wakanishauri nikizike, wadudu wamalize nyama, kisha nifukue mifupa ikiwa safi. Nikakizika nyuma ya jiko la bibi. Siku ya nne harufu ilimfanya bibi ahamishie mafiga upande wa pili wa nyumba, nami nikala bakora zangu. Shule zilipofungwa nikaenda kufukua. Taya sikuliona. Nilikuta udongo mweusi unaonata, na ndani yake meno yamelala kwa safu kama shanga zilizokatika uzi. Nikayatenga kwa chekeche ya unga ya bibi. Bakora za pili hizo.

Kosa langu lilikuwa kudhani papa ana mifupa. Papa hana. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu, kitu kilekile kilicho kwenye ncha ya pua yako na kwenye sikio. Ndiyo maana muuza samaki humkata papa vipande kwa kisu tu, na atakayekula papa ng'onda leo jioni hatachomwa na mwiba. Gegedu huoza upesi. Jino ni gumu, tena papa hubadilisha meno maisha yake yote: la mbele likidondoka, la nyuma yake linasogea kushika nafasi. Papa mmoja huangusha maelfu ya meno kabla hajafa. Hebu piga hesabu ya papa wa bahari nzima kwa miaka milioni kumi, uone kwa nini chini kumejaa meno na mwenyewe haonekani.

Sasa taya la picha. Lile maarufu lilijengwa mwaka 1909 na mtaalamu wa samaki, Bashford Dean, kwa ajili ya makumbusho ya historia ya viumbe jijini New York. Meno ni ya kweli, ya papa ambaye wataalamu humwita Otodus megalodon, aliyetoweka yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Gegedu ni la kutengenezwa, na Dean alilizidisha. Kwa vipimo vya taya lile, watu wakatangaza kwamba papa huyo alifika mita 30. Kwa miaka mingi baadaye makadirio yakawa yanashuka tu.

Nilisema meno tu; nirekebishe kauli. Pingili za uti wa mgongo wa papa hupata chokaa na kukakamaa, na mara chache sana nazo hubaki. Ubelgiji wanazo pingili zaidi ya 140 zinazoaminika kuwa za megalodoni mmoja. Zina duara ndani kama gogo la mti lililokatwa, na waliozihesabu walipata kwamba mnyama yule alikufa akiwa na miaka 46 hivi. Mwaka 2022 kundi moja la wataalamu lilimkadiria kuwa na mita 16. Mwaka 2025 kundi jingine likasema wakubwa kabisa waliweza kufika mita 24, tena wembamba kuliko tunavyowachora, si wale mapipa ya kwenye filamu. Mimi naegemea wembamba. Mita sijazichagulia, na anayekutajia urefu wa mnyama huyu bila neno “labda” muulize amempima wapi.

Nimenunua jino la megalodoni mtandaoni, jeusi, zuri, kubwa kuliko kiganja. Nitajuaje kama sikuibiwa? — Baba Salma, Morogoro

Baba Salma, mimi nimeibiwa, kwa hiyo nazungumza kwa uzoefu. Nilinunua la kwangu kwa mchuuzi wa vinyago, nikalionyesha darasani wiki nzima, hadi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza kwa upole kwa nini lina mshono pembeni. Lilikuwa la plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu. Nilipopeleka sindano ya moto kwenye mzizi, ikazama, na chumba kikanuka ndoo iliyoungua.

Anza na mkono. Jino la kweli ni jiwe: zito, na ukiligusisha shavuni asubuhi ni baridi. Kisha angalia sehemu mbili zake. Ya kutafunia inang'aa kama kigae; mzizi umefifia na una vitundu vidogo. Katikati ya hizo mbili, jino la megalodoni huwa na ukanda usiong'aa uliopinda kama herufi V. Pitisha ukucha kwenye makali: lazima usikie meno madogo ya msumeno, labda yawe yamesagika kwa kuviringishwa na maji. Na umwombe muuzaji picha za meno mengine aliyonayo. Mawili yakiwa na ufa uleule mahali palepale, yametoka kalibu moja.

Weusi usikubabaishe. Si dalili ya umri. Jino hubeba rangi ya madini ya mashapo lililozikwa ndani yake. Yapo ya kijivu, ya kahawia, hata ya rangi ya mchanga.

Mwingine hukuuzia la kweli kwa jina la uongo. Kwenye machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Moroko, meno ya papa mzee zaidi, Otodus obliquus, hupatikana kwa wingi na huuzwa bei ya chini. Hilo si baya hata kidogo, ni kisukuku halali, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, cha miaka zaidi ya milioni 50. Ila hayana msumeno, na mengi hugundishwa: ncha ya jino hili, mzizi wa lile, katikati gundi na mchanga.

Kama inakufariji, biashara hii ina historia. Ulaya ya zamani meno haya yaliitwa mawe ya ulimi na yakauzwa kama kinga ya sumu, hasa yale ya Malta, kwa kuhusishwa na Paulo Mtume na yule nyoka aliyemng'ata akiwa kisiwani. Mwaka 1666 wavuvi karibu na Livorno, Italia, walimnasa papa mkubwa. Mtawala wa nchi akaamuru kichwa kipelekwe Florence kwa tabibu Mdenmaki, Nicolas Steno. Steno alipofungua kinywa aliona mawe ya ulimi yamepangwa safu kwa safu. Hakuwa wa kwanza kuyashuku, lakini yeye aliendelea kuuliza: jino la samaki linaingiaje ndani ya mwamba mlimani? Jibu lake, kwamba mwamba ulikuwa tope na tope hulala tabaka juu ya tabaka, la chini likiwa la kwanza, ndilo tunalofundisha kidato cha tano hadi leo.

Ni kweli silikanti wa kwetu ni samaki yuleyule wa enzi za dinosaria? — Mvuvi, Kigombe

Ndugu yangu, wewe umemwona, na mimi nimemwona kwenye barafu tu, kwa hiyo nakujibu kwa adabu. Si yuleyule. Ni wa ukoo ule. Ukoo wake una visukuku vya zaidi ya miaka milioni 400, na vinakoma yapata milioni 66 iliyopita. Wataalamu wakafunga faili. Tarehe 22 Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja kwenye samaki wa meli ya kukokota nyavu: wa rangi ya samawati, urefu mita moja na nusu, mapezi yamesimama kwenye vikonyo kama mikono ya mtoto. Ilikuwa kiangazi cha huko, na hakupata chumba cha baridi. Aliokoa ngozi na kichwa. Matumbo yakatupwa kabla mtaalamu wa samaki, Profesa J.L.B. Smith, hajafika kuyaona. Smith akakaa miaka 14 akitafuta wa pili. Alipatikana Desemba 1952 kwa wavuvi wa Nzwani, Komoro, ambao hawakushangaa: walimwita gombessa na walimjua siku zote kama samaki asiyelika.

Jenasi yake, yaani kundi la ndugu zake wa karibu kabisa, Latimeria, haijapatikana kwenye mwamba wowote. Waliomo ni binamu, wengi wadogo kuliko huyu wako. Na ukimkata, kama uliwahi kabla ya katazo, ulikuta mahali pa uti wa mgongo pana mrija uliojaa majimaji yenye mafuta, bila pingili. Hilo amelirithi kwa wazee wake kweli. Tangu 2009 bahari yenu ni Hifadhi ya Silikanti, basi akinaswa kwenye jarife, toa taarifa. Nyama yake huendesha tumbo, hutapoteza kitoweo.

Sisi wa bara hatuna visukuku vya samaki? — Mwanafunzi, Singida

Unavyo mlangoni! Mahenge ya mkoani kwenu, si ile ya Ulanga, palikuwa na ziwa dogo ndani ya kreta, shimo la volkeno, miaka milioni 46 hivi iliyopita. Tope lake laini liliwabana samaki kama maua ndani ya daftari, miiba yote ikaonekana. Humo wametoka Mahengechromis, miongoni mwa jamaa wa kale kabisa wanaojulikana wa perege, sato na furu. Samaki wa mifupa, unaona, huacha umbo zima. Ukipita huko piga picha, usichimbe: visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Mwalimu, mimi nataka meno ya papa ya kwangu. Nifanyeje? — Msomaji wa miaka 10, Pangani

Nenda dikoni mapema, omba taya badala ya kichwa kizima. Mwambie mkubwa akubandulie nyama kwa kisu, kisha lianike juani juu ya bati, mbali na paka, ukilikaza wazi kwa kijiti lisijikunje. Usilichemshe sana, gegedu litalegea. Na ukiamua kuzika, zika upande upepo unakoelekea, mbali na jiko, na chekeche nunua ya kwako.