Wadogo zangu wa meza ya presha, sogeeni hapa

Jumatatu nilikaa kona ya OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, nikijifanya najaza ripoti ya mwezi, kumbe nawaangalia. Mmoja wenu, na anajijua, alifunga mkanda wa mashine ya presha juu ya sweta la bibi aliyeshuka bodaboda dakika ile ile, huku akimuuliza jina, kijiji na idadi ya wajukuu. Bibi anajibu, mashine inavuma, miguu inaning'inia kwa sababu benchi letu ni refu. Ikatoka 158/92. Kijana akaandika 160/90. Mdogo wangu, mashine ya kidijitali imekupa namba kamili. Hizo sifuri umezitoa wapi?

Nawapenda, ila mtanimaliza. Haya, andikeni.

1. Dakika 5 za kukaa kimya kwanza. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe wazi na ulale mezani usawa wa moyo. Aliyebanwa na mkojo aanzie chooni. Pima tena baada ya dakika moja au mbili. Foleni ikinung'unika, weka kiti cha pili: mmoja anapumzika, mwingine anapimwa.

2. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mama lishe wa getini kwetu alibebeshwa ugonjwa wa presha kwa miezi kadhaa, kisa mkanda mkubwa umefungiwa kabatini usiibiwe, na mwenye ufunguo yuko likizo.

3. Kuandika namba si kumhudumia mtu. Hili lina kisa, nivumilieni.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye zahanati ya kijijini, nilikuwa na bidii ya kutisha. Nilijipigia mistari kwenye kaunta buku: tarehe, jina, umri, presha. Kila mtu mzima aliyeingia, awe na jino au kidonda, nilimpima, tena kwa utaratibu wote wa namba 1. Wasimamizi walipokuja kukagua, buku langu lilipita mkono kwa mkono. Lilipigwa picha.

Kulikuwa na mama muuza vitumbua aliyesumbuliwa na magoti. Alikuja mara nne ndani ya miezi mitano. Mara zote nne nilimpima, nikaandika, nikamwelekeza kwa tabibu. Buku likabaki mezani kwangu. Kwenye karatasi yake niliandika "magoti", naye tabibu akampa kile alichokuwa akiyapa magoti yote ya kijiji: diklofenaki, dawa ya maumivu. Mnajua inavyozuia chumvi na maji mwilini. Yaani presha tuliyokuwa hatumtibu, tulikuwa tunaichochea.

Mara ya tano aliletwa na bajaji. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, anatutazama tu. Tabibu akamuuliza binti yake, "Mama ana presha?" Binti akajibu, "Hapana, hajawahi kuambiwa." Nilikuwa nimesimama pale pale, mashine mkononi. Kweli, hakuwahi kuambiwa.

Niliporudi kutoka kuwasindikiza kwenye rufaa nikafungua buku. 162/98. 170/100. 168/104. 178/106. Mwandiko umenyooka, hakuna hata palipofutwa. Mbili za kwanza zingetosha: 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, mtu anaanzishiwa matibabu. Nililifunga, nisimwonyeshe mtu. Wiki mbili baadaye binti alirudi kunishukuru kwa kumshikia mama yake kichwa njia nzima ndani ya bajaji. Nikaipokea ile shukrani, nikasema "usijali". Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, kuliko hata zile namba.

Mama yupo. Hunisalimia kwa mkono wa kushoto, kisha huomba radhi kwa kunipa mkono huo.

Kwa hiyo: namba iende kwenye karatasi ya mgonjwa, kwa wino mwekundu ikivuka mpaka. Aambiwe mwenyewe, kwa mdomo wako, na akutajie namba yake na tarehe ya kurudi kabla hajanyanyuka kitini.

4. Nifedipini, ile dawa ya kushusha presha, kuiweka chini ya ulimi acheni, hata kama mwalimu wenu wa zamani aliipenda. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo unakosa damu. Mwenye namba kubwa asiye na dalili hupewa dawa za kumeza na miadi ya karibu. Akibanwa kifua, akipoteza uoni au akilegea upande, hapo ndipo mkimbie.

5. Wanaume hawaji. Wapo nje chini ya mwembe wanasubiri wake zao watoke kliniki ya watoto. Wafuateni huko huko na kiti na mashine, msingoje tarehe 17 Mei, Siku ya Presha Duniani, ili mgawiwe fulana.

6. Betri za akiba hukaa kwenye droo yangu, nyuma ya boksi la glavu. Zikiisha nguvu, sema, usibuni 120/80. Na aliyezichukua juzi kwa ajili ya rimoti ya TV ya mapokezi, azirudishe kabla sijaja zamu ya asubuhi.