Mwanangu, nyimbo tano zinatosha

Mwanangu mpenzi,

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na swali nimelielewa. Nyimbo tano ziko tayari, umezitunga mwenyewe na kuzipiga mwenyewe na gitaa kavu, hamna lebo nyuma yako, na sasa watu wanakwambia ukitoa EP, yaani mkusanyiko mdogo wa nyimbo chache, fupi hivyo utaonekana hujajipanga, subiri zifike kumi na mbili utoe albamu kamili. Unaniuliza baba nasemaje. Nasema toa mwanangu. Tena usiongeze hata mmoja.

Nimezirudia zote, ule wa bibi anayesubiri kivuko cha Pangani ndo nimeurudia zaidi. Pale kabla ya ubeti wa tatu unavuta pumzi, mtu anaisikia kabisa, afu kidole kinateleza kwenye waya kikatoa kile kimlio chembamba, ndo unaingia na lile neno "bado" kwa sauti ya chini kuliko ulivyoanza. Unasema prodyuza anataka kufuta hiyo pumzi na kile kimlio afu aweke ngoma za kompyuta chini yake. Mwambie aache. Kwa heshima, maana kazi yake anaijua, ila huo wimbo unasimama juu ya ile pumzi, ukiitoa anabaki mtu anaimba habari za kivuko tu, hatumuoni tena bibi.

Kuhusu ufupi, nataka ujue kwamba watu waliotangulia kwenye kazi kama yako walifanya kwa ufupi na hawakupungukiwa kitu. Santuri za zamani, zile za kuzunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi, basi. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, Hugh Tracey aliyekuwa anarekodi muziki wa Afrika alimkuta Jadotville mwaka 1952, mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi na gitaa lake peke yake anaimba Kiswahili cha kule kwao. Msikilize kwenye Masanga, dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinapiga ile sauti ya juu, unaweza kudhani wako wawili. Hajasindikizwa na bendi wala nini, na baadae alipofika Nairobi wapiga gitaa wa Kenya wakaushika upigaji wake, na mpaka leo kuna watu wanakaa chini wanaujifunza ule wimbo noti kwa noti. Dakika tatu hizo mwanangu. Zile dakika zilijaa.

Na hata huko Ulaya ipo hivyo hivyo. Yule Nick Drake wa Uingereza uliyeniambia unampenda, Pink Moon yake alirekodi London mwezi wa kumi 1971 kwa usiku mbili tu, yeye na fundi wa sauti John Wood, gitaa na sauti, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja tu. Ilitoka 1972, yote ina dakika 28 hivi, na iliitwa albamu. Wakati ule haikuuza na yeye akafariki 1974 ana miaka 26, hiyo inaniuma kila nikiifikiria maana hakuona watu walivyokuja kuipenda. Simtaji ili ufuate maisha yake, hapana, ila nataka uone kwamba aliondoa kila kitu kisichohitajika na kilichobaki bado kinasikilizwa zaidi ya miaka hamsini baadae.

Sasa ile hoja ya hela, kwamba nyimbo nyingi ndo malipo mengi. Tangu mwaka 2024 Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, wana utaratibu kwamba wimbo usiposikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kabisa kwenye mgao wa malipo. Kwa hiyo ukibandika nyimbo saba za kujazia, ambazo wewe mwenyewe huziamini, zitakaa tu pale hazilipi chochote na zimekula hela ya studio. Bora hizo tano zisikilizwe, zirudiwe, mtu amtumie mwenzie. Na kwao nyimbo nne mpaka sita zisizofika nusu saa zinahesabiwa kama EP, kwa hiyo hakuna atakayekukatalia. Cha muhimu ipakie mapema, maana kuwapendekezea wimbo wale wahariri wa playlist, zile orodha za nyimbo wanazowapangia wasikilizaji, inatakiwa uwe umefanya angalau siku saba kabla haijatoka, na unapendekeza mmoja tu, peleka huo wa kivuko. Mimi hata ningeuweka wa kwanza kabisa, huo wa haraka unaotaka kuanza nao uende wa tatu.

Wimbo wa nne sijaridhika nao bado, nakwambia ukweli maana umeniuliza. Beti ni nzuri sana, hasa pale unapomtaja fundi baiskeli na mikono yake, ila kiitikio kinarudi mara nne na kila kikirudi hakina jipya. Kirudie mara mbili, beti zipumue.

Afu kitu ambacho hukuniuliza ila nakisema, andikeni karatasi. Yule kijana aliyekupigia zeze kwenye wimbo wa mwisho ni rafiki yako na mnaelewana, ndo wakati mzuri wa kuandika nani katunga, nani kapiga, kila mtu asilimia ngapi, msaini wote wawili kila mtu abaki na nakala yake. Kazi zako pia zipeleke COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, zisajiliwe kwa jina lako. Urafiki mwingi wa wanamuziki umevunjika kwa sababu ya jambo ambalo lingeisha kwenye ukurasa mmoja, na yule kijana anapiga vizuri mno, usije ukampoteza.

Hela ya mastering, ule usafishaji wa mwisho wa sauti, iliyopungua ntakutumia mwisho wa mwezi, usikope kwa mtu. Mwambie fundi asiikandamize sauti mpaka kila kitu kiwe na kelele sawa, pale unaposhuka chini pabaki chini. Na kabla hujaipakia nitumie faili zenyewe, sio zile za WhatsApp, nataka mimi na mama yako tuzisikilize kwenye spika kubwa za hapa nyumbani, yeye ameshaanza kuuimba ule wa kivuko jikoni na maneno anayakosea, anataka umwandikie.

Baba yako