Kuurudia mswada wa riwaya uliolala

Mswada uliokaa miezi sita au mwaka bila kuguswa una faida moja kubwa: umeusahau. Utausoma kama mgeni, na mgeni huona ufa ambao mwenyeji ameshauzoea. Tatizo ni kwamba ugeni huo hutumika mara moja tu. Ukifungua faili na kuanza kunyoosha sentensi za ukurasa wa kwanza, umeupoteza.

Kwa hiyo mwanzoni usirekebishe kitu. Toa nakala ya faili, ipe jina lenye tarehe ya leo, na ile ya zamani iache ilivyo. Kisha chapa mswada wote kwenye karatasi za A4: herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo pana. Ukurasa wa namna hiyo hubeba maneno kama 250, hivyo riwaya ya maneno 60,000 itakupa kurasa 240 hivi. Gharama ikikushinda, geuza faili iwe PDF uisome kwenye simu, mahali ambapo kidole hakitashawishika kufuta. Imalize ndani ya siku nne au tano mfululizo. Ukiivuta wiki tatu, ukifika sura ya 15 utakuwa umesahau kilichoahidiwa katika sura ya 2, na kasoro za muundo zitakupita.

Shika penseli, ila uweke alama tatu tu: mstari wima pale ulipochoka, alama ya kuuliza pale ulipopotea, na msalaba pale usipoamini kwamba mhusika angefanya vile. Usitafute dawa bado. Alama ya kuuliza ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ikiwa wewe mwenye riwaya hukumbuki mke mkubwa alijuaje siri ya mumewe, msomaji ataijulia wapi?

Ukimaliza, chora jedwali. Kila sura ipate mstari wake na safu nne: nani anayaona matukio, ni wapi na lini, anataka nini, na nini kimebadilika sura inapokwisha. Safu ya nne ndiyo hakimu. Sura isiyo na jibu hapo ing'olewe, na kile chema kilichomo kihamie sura jirani. Sura mbili zenye jibu lilelile ziunganishwe. Nyingi utazikuta katikati ya kitabu, pale mwandishi alipokuwa bado anatafuta njia, akawakalisha wahusika wanywe chai na kusimuliana mambo ambayo msomaji ameshayashuhudia.

Safu ya pili nayo ina kazi, kwa sababu makosa ya wakati humvunja msomaji imani upesi sana. Mhusika hawezi kupokea pesa kwa M-Pesa mwaka 2003. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Hawezi kupanda basi la mwendokasi Dar es Salaam kabla ya 2016. Ramadhani husogea nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka, kwa hiyo hadithi inayochukua miaka minane haiwezi kuiweka katikati ya masika mwanzo na mwisho. Kagua saa pia: "saa nane usiku" ni usiku wa manane, si muda wa chakula cha jioni. Na kagua majina ya udugu. Mama mdogo akigeuka shangazi katika sura ya 9, umemhamisha kutoka upande wa mama kwenda upande wa baba, na mirathi yote ya hadithi imevurugika.

Lugha iguse mwisho kabisa. Hakuna maana ya kung'arisha aya ambayo kesho utaifuta. Ukifika hapo, soma kwa sauti na usikilize vitenzi. Mfululizo wa "akaingia, akaketi, akanywa" unahitaji "ali-" ya kuuanzisha, tena ukirefuka mno kila tendo huwa na uzito sawa na hakuna linalokumbukwa. Punguza "ambaye" pale "aliye" inapofaa.

Hatari ambayo wengi hawaitarajii ni kwamba mkono wako umebadilika tangu uandike. Vipande vipya vitakuwa na mwendo tofauti na vya zamani, hasa katika mazungumzo: mzee wa Mombasa aliyekuwa akisema "mtele" ataanza kusema "mchele". Kabla ya kuandika kipande kipya, soma kwa sauti kurasa tano za zamani zinazokitangulia. Vilivyokatwa viweke kwenye faili ya pembeni. Unakata kwa ujasiri zaidi ukijua hakuna kinachopotea.

Ndipo umpe mtu mwingine. Usimuulize kama ameipenda, maana atakujibu kwa adabu. Muulize aliweka kitabu chini ukurasa gani, na ni mhusika gani aliyemchanganya na mwenzake.