Uso laini, uso mwororo au uso uliolainishwa?

SWALI: Nafundisha vijana kuunda maumbo kwenye kompyuta. Tunaunganisha pembetatu kama wavu, kisha programu inaondoa kona mpaka umbo, tuseme embe, linapinda vizuri. Mwenzangu anasema "uso nyororo", mimi "uso laini". Nani yuko sahihi? Na pembetatu moja moja niiite uso pia?

JIBU: Mwenzako anasema kama wasemavyo wengi, lakini mzizi ni -ororo na unafuata ngeli: ngozi nyororo, udongo mwororo, uso mwororo. Wapo wanaojisahihisha wakaandika "uso mnyororo", na msomaji akaona pingu. Isitoshe, wororo huujua mkono, na embe la kwenye kioo cha kompyuta haligusiki.

"Laini" ni afadhali, ila lina mambo mawili. Mwagize seremala mbao laini: anaweza kukuletea msonobari, au mninga uliopigwa randa na msasa. Mninga huo ameulainisha, na bado ni mgumu vilevile. Kwa hiyo maana unayoitaka imo kwenye kitenzi. Mimi ningesema "uso uliolainishwa".

Tena kitenzi hicho kinakulazimisha useme kilicholainishwa ni nini. Mbinu ya Henri Gouraud ya mwaka 1971 haigusi umbo. Inachanganya rangi tu kutoka ncha moja ya pembetatu hadi nyingine. Tazama ukingo wa embe lako pale linapokutana na mandhari ya nyuma: kona ziko palepale. Ile ya Charles Loop ya 1987 inagawa kila pembetatu kuwa nne na kuzisogeza ncha. Pembetatu 20 zinakuwa 80, halafu 320, halafu 1,280, na kila mara kona zinapungua makali. Ya kwanza ni kulainisha rangi, ya pili kulainisha umbo. Wanafunzi wengi huchanganya hapo.

Pembetatu usiiite uso. Embe lina uso mmoja. Ukitaja "nyuso 1,280" darasa litawaza umati wa watu. Pembetatu inatosha.

"Wavu" libaki. "Mtandao" limeshachukuliwa na intaneti. Najua mvuvi atakukumbusha kwamba jicho la wavu ni tundu, na wako umezibwa kote. Mwache. Nyuzi zake ndizo kingo zako, na mafundo ndiyo ncha zile Loop anazozisogeza.