Viza ya Ujerumani, je, itanifikisha Paris na London?

SWALI: Mhariri, binti yangu anasoma Aachen, Ujerumani, nami nimepewa viza na ubalozi wa Ujerumani hapa Nairobi ili nimtembelee miezi miwili ijayo. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti imeandikwa "Schengener Staaten", idadi ya kuingia ni 01, na muda wa kukaa ni siku 30. Binti yangu angependa twende kwa treni hadi Brussels na Paris, kisha London kwa siku nne kumwona dada yangu, halafu nirudi Frankfurt kupanda ndege ya kuja nyumbani. Jirani yangu anasema kila nchi ina viza yake na kwamba nitarudishwa mpakani. Je, ni kweli?
Mama wa South B, Nairobi

JIBU: Mama, kuhusu Brussels na Paris jirani yako amekosea, lakini kuhusu London wasiwasi wake una msingi, na ni vyema umeuliza kabla ya kufunga mizigo.

Maneno uliyoyaona kwenye viza yana maana ya nchi zote za Schengen, ambazo sasa ni 29 baada ya Bulgaria na Romania kuingia kikamilifu tarehe 1 Januari 2025. Kijiji cha Schengen kiko Luxembourg, na hapo ndipo mkataba wa kuondoa ukaguzi wa mipakani ulipotiwa saini mwaka 1985. Ubelgiji na Ufaransa zimo, kwa hiyo utaingia humo kwa viza hiyohiyo bila kuomba nyingine. Wengi hudhani eneo hili ni sawa na Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo wanapopotea: Uswisi haimo katika Umoja lakini imo katika Schengen, ilhali Ireland imo katika Umoja na bado inadai viza yake.

Hata hivyo, usiiache pasipoti Aachen kwa kuwa hakuna kizuizi njiani. Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi wanaweza kuingia ndani ya treni na kuomba stakabadhi. Binti yako naye abebe pasipoti pamoja na kibali chake cha ukaazi. Tena, kwa kuwa viza ilitolewa na Ujerumani kama nchi unayokwenda hasa, hakikisha siku zako nyingi unazimalizia huko.

Sasa London. Uingereza haimo katika Schengen, na Mkenya anahitaji viza ya Uingereza kabla ya kusafiri. Ukipanda treni ya London jijini Paris, maofisa wa Ufaransa na wa Uingereza hukagua pasipoti palepale stesheni, kwa hiyo usipokuwa na viza hiyo hutafika hata kwenye behewa. Lakini tatizo kubwa zaidi ni ile tarakimu 01. Ukishakaguliwa kutoka Ufaransa, ule mwingilio mmoja umekwisha, hata kama umebakiza siku 15 kati ya 30, na Frankfurt hutaweza kurudi. Wageni wanaotumia viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda wanalijua jambo hili: hutembea ndani ya nchi hizo tatu kwa uhuru, lakini Tanzania iko nje ya mpango huo.

Ninavyoona, suluhisho ni kupanga njia upya badala ya kuiacha safari ya kwa dada yako. Iweke London mwisho, kisha upande ndege ya Nairobi kutoka hukohuko, au ianze London kabla ya Ujerumani. Badilisha tiketi sasa, na uombe viza ya Uingereza wiki hii, kwani uamuzi wake kwa kawaida huchukua takriban wiki tatu.

Kumbuka pia kwamba siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa ndani ya zile 30. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye viza inaweza kuwa mbele zaidi ya siku hizo, na imewaponza wasafiri wengi waliodhani wanaruhusiwa kukaa mpaka tarehe hiyo. Hesabu siku zako kwa kalenda ukiwa na binti yako kabla hamjanunua tiketi za treni.