Mfamasia, Usirudi Nyuma ya Dirisha

Msomaji mmoja, mfamasia aliyeanza kazi mwaka jana, ameniandikia akilalamika kwamba kutwa nzima anapokea vyeti vya dawa vya madaktari, anahesabu vidonge na kuandika "moja kutwa mara tatu" kwenye bahasha. Ameniuliza kama yale tunayosimulia kuhusu wafamasia wakati wa UVIKO-19 yalitokea kweli au ni sifa tunazojipa wenyewe. Mdogo wangu, yalitokea, nami nilikuwepo.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga tarehe 11 Machi 2020, kliniki nyingi zilipunguza huduma na ikawa vigumu kumwona daktari ana kwa ana, lakini milango ya famasia ilibaki wazi. Vitakasa mikono vilipoadimika tulichanganya vyetu kwa kufuata fomula ya Shirika hilo, yaani ethanoli 80%, gliseroli 1.45% na haidrojeni peroksaidi 0.125%, kisha tukaviweka kando kwa saa 72 ili vijidudu vilivyosalia kwenye chupa vife kabla ya kuvigawa. Wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, waliokuwa wakiogopa kukanyaga hospitali, walianza kutupigia simu sisi, na katika nchi kadhaa sheria zililegezwa ili mfamasia aweze kuendeleza dawa za mgonjwa ambaye cheti chake kimekwisha muda.

Kipindi kigumu zaidi kwangu kilikuwa kile cha haidroksiklorokwini, dawa ya malaria na lupasi iliyodhaniwa kutibu UVIKO-19. Marekani iliiruhusu kwa dharura mwishoni mwa Machi 2020, ikaifuta ruhusa hiyo tarehe 15 Juni, na katikati ya tarehe hizo watu wenye afya zao walitaka kuinunua kwa makopo huku wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wanaoitegemea kila siku, wakiikosa. Nilikataa kuiuza bila cheti. Nilitukanwa mbele ya foleni na mtu aliyedai kwamba ninaficha dawa ya kuokoa maisha, ilhali boksi lililokuwa chini ya meza lilikuwa limeandikwa jina la mama mmoja mwenye lupasi ambaye angekuja kulichukua jioni. Ningekataa tena leo.

Hata hivyo, barakoa maalumu zilipogawiwa pale nilipokuwa nikifanya kazi, idara yetu haikuwemo kwenye orodha ya watumishi wa mstari wa mbele, ingawa kila mwenye kikohozi alikuwa akituinamia dirishani. Jambo hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Chanjo ndizo zilizobadilisha mtazamo wa wengi. Kichupa cha toleo la kwanza la chanjo ya Pfizer kilihitaji mkono uliozoea dawa: dawa yake iliyogandishwa, mililita 0.45, iyeyuke kwanza, iongezwe mililita 1.8 za maji ya chumvi ya 0.9%, kichupa kipinduliwe taratibu mara 10 bila kutikiswa, kila dozi iwe mililita 0.3, na zote zitumike ndani ya saa 6. Ukitikisa kwa nguvu umeiharibu. Kazi hiyo ilituangukia, na kwingine tulichoma sindano wenyewe. Hata kabla ya chanjo ya UVIKO-19, mwezi Agosti 2020, Marekani iliwaruhusu wafamasia kuwapa watoto kuanzia miaka 3 chanjo za kawaida.

Sasa nakushauri, na nawashauri wote wenye hamu ya kukua katika taaluma hii: nafasi tuliyoipata tutanyang'anywa tukiinyamazia. Ingia wodini na madaktari wanapopita kuwaona wagonjwa, hata kama hukualikwa. Omba ruhusa kwa heshima, kisha fika ukiwa umesoma mafaili. Jifunze kuchanja mahali sheria inaporuhusu. Mweleze mgonjwa kwa nini antibiotiki haitibu kirusi, maana janga lilitufundisha jinsi antibiotiki kama azithromaisini inavyomezwa ovyo. Usisubiri janga jingine ndipo uombe kusikilizwa.

Zaidi ya yote, andika. Nunua daftari leo, na kila unapozuia kosa andika tarehe, dawa, tatizo ulilogundua, ushauri uliotoa na uamuzi wa daktari, bila jina la mgonjwa. Mwisho wa mwezi mpelekee mkuu wa idara, naye akikuuliza kwa nini famasia inahitaji mtu wa kukaa wodini, mfungulie ukurasa wa kwanza.