Maji Chini ya Spea

Fundi, shikamoo. Gari langu la mwaka 1998, mvua ikinyesha hapa Jinja, maji hujaa nyuma chini ya tairi la spea. Mpira wa mlango nimebadilisha, bado.
– Mama wa watoto wawili

Marahaba, mama. Usinunue mpira mwingine! Toa zulia, kausha kabisa, ujifungie nyuma na tochi. Mtu amwage maji nje polepole, aanzie chini: taa, kisha kioo, paa mwisho. Akianza juu, maji yatateremka kote na hutajua chanzo. Mimi nashuku taa. Gasketi yake, ule mpira wa kuzuia maji kati ya taa na bodi, hukauka kwa jua ikapasuka, na maji hupita ndani ya bodi bila kuonekana. Ukiziba kwa silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, usipake juu ya uchafu, nakusihi. Angalia kutu pia.